Mguso wa Pili

Maji ya bomba usiupe. Yana chokaa,
na chokaa huunguza mizizi kimyakimya
kama deni lisilotajwa mezani.
Mimi hukinga mvua kwa ndoo kuukuu ya rangi
chini ya mfereji wa bati uliopinda,
na ukame ukija nanunua maji ya kutia kwenye pasi,
yale yasiyo na kitu ndani yake.

Udongo wake ni hohehahe:
mchanga, na mboji chachu isiyoshibisha hata gugu.
Usiuonee huruma. Mbolea ni kifo chake.
Kuna viumbe walioumbwa kwa uhaba,
ukiwashibisha wanakufia mikononi.
Mama alisema hivyohivyo kuhusu kaka yangu Verlon,
akamnyima pesa ya sigara mpaka siku anazikwa.

Verlon ndiye aliyeniletea, Jumapili,
ndani ya kopo la kahawa,
matope bado kwenye kucha zake.
Sikuuliza. Misonobari inaanza
pale uzio wetu unapokomea,
na hapa Brunswick kila mtu anajua
nani hulala mchana na kutoka usiku na tochi.

Sasa, kinywa kinavyofanya kazi.
Ndani, kila upande, mna nywele tatu,
nyembamba, huzioni mpaka uinamishe kichwa.
Nzi akigusa unywele mmoja, si kitu.
Huenda ni tone la mvua.
Huenda ni sindano ya msonobari imedondoka.
Mmea unanyamaza, unahesabu.
Akigusa tena kabla ya sekunde ishirini kwisha
kinywa kinafumba,
vidole katikati ya vidole,
kama mtu anayesali.

Mara ya kwanza askari wa msitu
walimwacha Verlon kwa onyo na faini.
Mara ya pili walikuta miche mia mbili na kumi na sita
ndani ya begi lake la mpira la enzi za shule.
Waliihesabu mmoja mmoja juu ya boneti,
mvua ikinyesha, yeye ameshika taa.
Korti yetu iko Bolivia (ni kamji ketu, si nchi ile),
na jela iko jirani na korti.

Wa mia mbili na kumi na saba
ulikuwa dirishani kwangu, juu ya sinki.
Walikunywa kahawa yangu pale pale.
Hakuna aliyeinua macho.

Watoto wa jirani hutaka kuuchokoza kwa penseli.
Nawakataza. Kila kinywa kina milo michache tu,
mitatu, minne, kisha kinakuwa cheusi.
Kukifumbisha bure, nawaambia, ni wizi.
Neno hilo hunikwama kooni
nikaenda kufuta meza iliyo safi.

Mei ulitoa bua refu lenye maua meupe.
Nililikata kwa mkasi wa kuponi.
Yangeumaliza nguvu. Nililia kidogo, sijui kwa nini.

Novemba majani yakasinyaa.
Jikoni mwangu mna joto mno,
na usipolala baridi hauamki.
Nikaufunga kwenye mfuko wa plastiki,
nikauweka kwenye friji, kati ya haradali na mayai.
Siku ya kumwona, nyuma ya kioo, simu sikioni,
Verlon akauliza, "Umekufa?"
"Umelala," nikasema. "Wewe je?"
Akacheka. Meno yake mawili hayapo.

Alirudi Aprili, amekonda, na viatu si vyake.
Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja dirishani.
Vinywa vipya saba, vyekundu ndani kama koo la mtoto.
Akanyoosha kidole, akagusa unywele mmoja.
Mkono ukabaki hewani.
Niliisikia friji ikinguruma.
Nilihesabu mpaka ishirini, na najua naye alihesabu.

Kisha akaurudisha mkono mfukoni,
akachungulia kisahani chini ya kopo.
"Haya maji," akasema, "ni ya mvua?"